Rejista na Dhamira: Sharti la Mahudhurio katika Historia ya Chuo Kikuu, kutoka Bologna hadi Mlimani

Katika vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki, mwanafunzi asiyetimiza kiwango cha mahudhurio kilichowekwa, ambacho mara nyingi ni asilimia 75 ya vipindi, anaweza kuzuiwa kufanya mtihani wa mwisho. Kanuni hiyo huandikwa katika kitabu cha mwongozo kwa sentensi moja au mbili, na wengi huipokea kana kwamba ina umri sawa na chuo kikuu chenyewe. Insha hii inaihoji dhana hiyo. Inadai kwamba sharti la kuwapo darasani limebadilika mara kadhaa kuhusu nani anapaswa kulitii na nani anapaswa kupewa ushahidi wake. Aidha, inadai kwamba katika historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam sharti hilo limejibu maswali ya serikali mara nyingi kuliko lilivyojibu swali la mhadhiri, yaani kama mwanafunzi anajifunza.

Tuanze na Bologna, kwa sababu huko mambo yalikuwa kinyume na tunavyoyajua. Kanuni za chama cha wanafunzi wa sheria, ambazo sura yake inayofahamika zaidi ni ya karne ya 14, ziliwabana walimu. Mwalimu aliyechelewa kuanza, aliyepitisha muda au aliyeruka sehemu ngumu ya kitabu alitozwa faini. Aliyeshindwa kupata wasikilizaji watano katika mhadhara wa kawaida alihesabiwa kuwa hakuhudhuria, hata kama alikuwa amesimama mbele ya madawati. Wanafunzi ndio waliolipa, hivyo wao ndio waliohesabu. Huko Paris, ambako walimu ndio walioshika chama, kanuni za mwaka 1215 zilizotolewa na Robert de Courçon ziliweka msingi tofauti: hakuna atakayetambuliwa kuwa mwanafunzi wa Paris pasipo kuwa na mwalimu maalumu. Aliyetaka kufundisha sanaa alipaswa awe na umri wa miaka 21 na awe amesikiliza masomo kwa miaka sita. Kipimo kilikuwa miaka ya kukaa chini ya mwalimu anayekujua kwa jina. Ni vigumu kuona jinsi kipimo hicho kingeweza kutumika katika ukumbi wa watu mia tano.

Oxford na Cambridge zilikuza wazo la ukaazi. Mwanafunzi alitakiwa kulala ndani ya umbali uliopimwa kutoka katikati ya mji kwa idadi maalumu ya usiku katika kila muhula. Vyama vya mawakili vya London vilikwenda mbali zaidi kwa kuhesabu chakula cha jioni: aliyekula idadi iliyotakiwa katika ukumbi wa chama alihesabiwa kuwa ametimiza muhula. Msomaji wa leo anaweza kucheka, lakini mantiki yake haikuwa ya kipuuzi. Taaluma ilidhaniwa kuambukizwa kwa kuishi pamoja, na meza ilikuwa sehemu ya darasa.

Pigo kubwa kwa mantiki hiyo lilitoka London. Chuo Kikuu cha London kilipopewa hati yake mwaka 1836 kilikuwa chombo cha kutahini, na wanafunzi wake walitoka katika vyuo vilivyoidhinishwa. Hati ya mwaka 1858 iliondoa hata sharti hilo kwa masomo yote isipokuwa udaktari wa tiba. Kuanzia hapo mtu aliweza kusoma popote, kwa mwalimu yeyote au bila mwalimu, akafanya mtihani na kupata shahada. Shahada ilitenganishwa na kuwapo.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja, kwa kuwa elimu ya juu ya Afrika Mashariki ilizaliwa chini ya mbawa za London. Tume ya Asquith, iliyotoa taarifa yake mwaka 1945, ilipendekeza makoloni yawe na vyuo vikuu vishiriki vya bweni, na Makerere ikaingia katika uhusiano maalumu na London mwaka 1949. Hivyo tulirithi mambo mawili yanayovutana: shahada ya taasisi iliyokwisha kuamua kwamba mahudhurio si ya lazima, na chuo kilichojengwa kwa imani kwamba bila bweni, ukumbi wa chakula na joho hakuna msomi. Watafiti wa historia ya elimu wameandika mengi juu ya mitaala iliyorithiwa. Urithi huu wa pili, wa namna ya kuwapo, umepewa nafasi ndogo mno.

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 14. Kwa idadi hiyo rejista haina kazi, kwani kiti kitupu huonekana. Mwaka 1964 chuo kilihamia mlimani, mbali na mji. Mlima ule ulitimiza ndoto ya Asquith, na papo hapo ukazua swali ambalo Asquith hakuliuliza: wakati mwanafunzi yuko huku juu, hayuko wapi? Mwalimu Nyerere alilijibu mapema. Katika miaka ya kwanza ya uhuru alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada. Kwa mfano huo, kuwapo chuoni ni deni, na kijiji ndicho kinachoshika daftari.

Tukio la Oktoba 22, 1966 linapaswa kusomwa kwa mwanga huu. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wajiunge na Jeshi la Kujenga Taifa kwa takriban miaka miwili: miezi mitano kambini, na sehemu kubwa ya muda uliobaki kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao, wakasoma tamko lao mbele ya Rais na mawaziri. Nyerere alijibu kwa hasira. Alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na waandamanaji wakarudishwa makwao. Zaidi ya wanafunzi 300 wa chuo waliondolewa. Wengi waliruhusiwa kurejea mwaka uliofuata, baada ya kuomba radhi.

Wanahistoria wengi hulichukulia tukio hili kuwa mgogoro wa tabaka: wasomi waliotetea maslahi yao. Sipingani na tafsiri hiyo, ila haitoshi. Adhabu iliyochaguliwa ilihusu mahali pa kuwa. Hakuna aliyeondolewa kwa kushindwa mtihani au kukosa mihadhara. Waliondolewa kwa kukataa kuwapo kambini, na kwa kukataa huko wakanyimwa kuwapo darasani. Mahudhurio yaligeuka kuwa ushahidi wa utii kwa taifa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lililiweka wazo hilohilo katika utaratibu: aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kwanza apitie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa miaka miwili, na apate maoni mazuri ya mwajiri na ya chama, ndipo aombe nafasi ya chuo. Rejista ikaanza kujazwa kabla mwanafunzi hajaingia darasani. Wasichana waliathirika zaidi, kwa kuwa miaka hiyo ya kusubiri iliangukia wakati wa kuolewa na kuzaa, na sharti hilo lililegezwa kwao baada ya muda mfupi.

Wakati huohuo, baadhi ya masomo yaliyoacha alama kubwa Mlimani hayakuwa na rejista kabisa. Chama cha wanafunzi kilichojulikana kama USARF, kilichoanzishwa mwaka 1967 na ambacho Yoweri Museveni alikuwa mmoja wa viongozi wake, kiliendesha madarasa ya itikadi siku za Jumapili, na Walter Rodney alikuwa miongoni mwa walioshiriki. Hakuna aliyelazimishwa kuhudhuria. Chama hicho kilipigwa marufuku mwaka 1970. Miaka mitatu baadaye ilianzishwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, na somo la maendeleo likawa la lazima kwa wanafunzi wote. Sidai kwamba moja lilisababisha lingine moja kwa moja. Mjadala wa somo la pamoja ulikuwapo tangu 1967. Hata hivyo, mfuatano huo unafikirisha: hoja zilizojaza vyumba kwa hiari Jumapili zikawa kipindi cha ratiba, chenye mtihani.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliturudisha kwenye wazo la London la 1858, safari hii kwa uamuzi wetu wenyewe. Lakini katika vyuo vya bweni msukumo ulielekea upande mwingine. Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ianze kazi mwaka 2005, mwanafunzi husaini ili kupokea posho, ile ambayo wenyewe huiita bumu, na saini hiyo huthibitisha kwamba yupo. Kwa wengi ndiyo saini wasiyoikosa kamwe.

Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania huhesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza, zikiwamo mihadhara, semina, kazi za nyumbani na kujisomea. Tuchukue kozi ya krediti 12, yaani saa 120, yenye mihadhara ya saa tatu kwa juma kwa majuma 15. Mihadhara hiyo ni saa 45, na asilimia 75 yake haifiki saa 34. Mwanafunzi anayefanya kazi mchana na kusoma maktaba usiku anaweza kuzuiwa mtihani kwa sababu ya saa hizo 34, ilhali yule aliyezikaa zote akiwa kwenye simu akaruhusiwa. Anapokata rufaa, kikao kina karatasi moja tu ya kutazama, nayo ina saini za saa 45. Saa 75 zilizosalia hazimo katika karatasi yoyote.