Mikono ya Kunduchi na mawe ya Misisi

Mwaka 1992, katika machimbo ya mawe ya Kunduchi, Dar es Salaam, mwandishi wa habari Flora M'mbugu-Schelling alitega kamera mbele ya wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji. Vita viliwafukuza kwao. Sasa riziki yao ilikuwa kuvunja mawe kwa nyundo na kuuza kokoto. Filamu iliyotokana na kazi hiyo, These Hands (Mikono Hii), ina dakika 45.

Haina msimulizi. Mtazamaji anasikia nyundo, maongezi, na nyimbo za Kimakonde na Kiswahili, akina mama wanapoacha kazi wakacheza.

Uamuzi wa kutotumia msimulizi ulikuwa mzito. Kati ya 1935 na 1937, Waingereza walitengeneza filamu fupi huko Vugiri, mkoani Tanga, za kumfundisha Mwafrika kilimo, afya na kuweka akiba. Mwafrika alionekana, ila maneno hayakuwa yake. Hata baada ya uhuru filamu nyingi ziliendelea kuhubiri. M'mbugu-Schelling, aliyekwisha kutoa Kumekucha mwaka 1987 kuhusu kazi za kila siku za wanawake wa Tanzania, aliacha mahubiri akasikiliza.

Hakuwa peke yake. Mwaka huohuo wa 1992 Anne Mungai wa Kenya alitoa Saikati, kisa cha msichana wa Kimaasai anayekataa kuozwa kwa nguvu. Kwetu Kongo, Monique Mbeka Phoba alikuwa ameanza kutengeneza filamu zake za maisha halisi.

Watu wa Fizi na Baraka, mashariki mwa Kongo, hawahitaji kuelezwa maana ya Kunduchi. Vita vya 1996 viliwavusha wengi Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huo. Waliobaki au kurudi wanaijua Misisi, machimbo ya dhahabu ya Fizi, ambako akina mama, wale wanaoitwa twangaises, hutwanga mawe ya dhahabu kwa ujira mdogo, watoto wakiwa kando yao.

Mara nyingi kamera zinazofika huku hutafuta bunduki na maiti, kisha huondoka. M'mbugu-Schelling alithibitisha kwamba kazi ya mwanamke mkimbizi inatosha kubeba filamu nzima. Mabinti wa Baraka wenye simu yenye kamera, nendeni Misisi. Ombeni ruhusa kwa akina mama hao kwanza, kisha waacheni waseme wenyewe.