NJIA PANDA YA EDIPODE

Kitabu cha kwanza kunitoa machozi hakikuwa riwaya ya mapenzi. Kilikuwa tamthilia. Nilikuwa kidato cha tatu, nikaikuta Mfalme Edipode katika kabati la vitabu la shule, jalada limechanika, pembe zimeliwa na mende. Mwandishi wake ni Sophocles, Mgiriki wa karne ya 5 K.K., na aliyeivika Kiswahili ni Samuel Mushi, mwaka 1971. Kisa chake mnakijua: kijana anakutana na mzee aliyepanda gari la farasi kwenye njia panda, wanagombania njia, kijana anamuua mzee. Miaka inapita, kijana amekuwa mfalme wa Thebes, ndipo anapokuja kujua kwamba mzee yule alikuwa baba yake mzazi.

Wenzangu walicheka. Mtu anamuuaje baba yake asijue? Mimi nilikuwa na swali jingine kabisa: hiyo njia panda iko wapi?

Jibu nilikuja kulipata kwa mguu wangu mwenyewe, na si kwa sababu nina fedha. Nina mjomba. Huyu ni kaka yake mama, mtoto wa Songea aliyekulia Dar es Salaam, ambaye mwaka 1986 alizamia meli na kuibukia Piraeus, bandari ya Athens. Waswahili wako pale, tena si haba. Wengi walifika kwa bahari kama yeye. Sasa karatasi zake ni safi, ana kazi, na kichwa kimejaa mvi. Aliposikia nimemaliza shule na kutwa naandika "mahadithi", alinitumia tiketi. Nadhani alitaka nikaone maisha, niachane na kalamu.

Tulikodi kagari kadogo keupe. Hatukuwa na dereva wala mtu wa kututembeza. Mjomba kwenye usukani, mimi ramani mapajani.

"Anko, tutapotea."

"Mpwa wangu, mimi nimepotea tangu mwaka themanini na sita. Soma ramani."

MAKARANI WA MYCENAE

Ukitoka Athens kuelekea magharibi, kilomita kama 80, unafika Korintho, mji ule ule wa nyaraka za Mtume Paulo. Kabla ya kuufikia unavuka daraja juu ya mfereji uliokatwa kwenye mwamba, zaidi ya kilomita 6, ukingo wima kama ukuta. Mfalme Nero wa Roma aliuanza mwaka 67 B.K., na wafungwa wa Kiyahudi 6,000 waliletwa kuchimba. Nero akafa, kazi ikalala. Ulikuja kufunguliwa mwaka 1893. Zamani, kabla ya mfereji, vyombo vilivutwa nchi kavu juu ya njia ya mawe kutoka bahari hii hadi ile. Nilipowaza mabega yaliyovuta kamba zile, nikaanza kuwa na wasiwasi na safari yangu. Kila sifa ya kale ilikuwa na mgongo wa mtu chini yake.

Mycenae wasiwasi ukaongezeka. Huu ni mji wa ngome juu ya kilima, na lango lake la simba lilijengwa yapata mwaka 1250 K.K. Mawe ya kuta ni makubwa mno. Wagiriki wa baadaye walipoyatazama walisema yamejengwa na majitu yenye jicho moja. Mwaka 1876 alikuja hapa Heinrich Schliemann, Mjerumani tajiri aliyekuwa na Homer kichwani. Alichimba nyuma ya lango, akakuta makaburi yenye vinyago vya dhahabu, akaamini ameuona uso wa mfalme Agamemnon aliyeongoza vita vya Troy. Leo tunajua kinyago kile ni cha karne ya 16 K.K., miaka mia tatu au zaidi kabla ya wakati unaotajwa wa vita hivyo. Mtu alitafuta hadithi, akapata historia, akang'ang'ania kuiita hadithi. Waandishi wenzangu, ugonjwa huo sisi hatuna?

Lakini dhahabu haikunishika kama udongo. Watu wa Mycenae na wenzao wa Pylos, magharibi mwa rasi hiyo hiyo, walikuwa na maandishi. Waliandika kwenye vibao vya udongo mbichi, na moto ulioteketeza majumba ya wafalme mnamo mwaka 1200 K.K. ukavioka vibao vile kama matofali. Ndiyo maana vimedumu. Kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kuvisoma, mpaka mwaka 1952, pale Michael Ventris, msanifu majengo Mwingereza, kijana wa miaka 29, alipopata ufunguo wake. Ni Kigiriki!

Sasa hebu kisia kilichoandikwa. Mashairi? Sifa za mashujaa? La hasha. Ni hesabu. Mafuta, sufu, kondoo, magurudumu. Na wanawake. Vibao vya Pylos vinaorodhesha makundi ya wanawake wafumaji na wasaga nafaka, pamoja na watoto wao na posho yao ya chakula. Baadhi wanaitwa kwa mji walikotoka, ng'ambo ya bahari: wanawake wa Mileto, wanawake wa Lemnos. Karani hakuandika jina la hata mmoja wao katika makundi hayo. Kwake idadi ilitosha.

Majumba yalipoungua, na maandishi yale yakafa. Wagiriki waliishi kama miaka 400 bila kuandika, hadi walipochukua herufi za Wafoinike na kuzigeuza zao. Hapo ndipo Homer anapoingia. Kumbe hadithi zilipita karne zote hizo midomoni mwa watu, kama ngano za bibi zetu, wakati daftari la karani limelala chini ya majivu. Niliposema hivyo, mjomba alicheka kidogo tu.

"Basi bibi yako naye ni Homer," akasema, akawasha gari.

BARABARA YA MILIMANI

Mengine nitayapita haraka. Epidaurus tulikaa kwenye ngazi za juu kabisa za ukumbi wa maigizo wa karne ya 4 K.K.; mtalii mmoja alirarua karatasi chini katikati, tukasikia. Sparta hakuna kitu. Mji wa leo umejengwa upya kuanzia mwaka 1834, na magofu yamejificha kwenye mizeituni. Thucydides, mwanahistoria wa karne ya 5 K.K., alikwisha tabiri hilo: alisema siku Sparta ikihamwa, watakaoona mabaki yake hawataamini kwamba ilikuwa na nguvu. Nguvu yenyewe ilitoka kwa wahelote, wakulima waliotawaliwa na kulimishwa mashamba yasiyo yao. Kila mwaka watawala wa Sparta waliwatangazia vita rasmi, ili Msparta akimuua mmoja asihesabiwe kuwa na dhambi ya damu. Filamu haziwaonyeshi hao.

Kutoka Sparta kwenda Olympia barabara inapanda na kujikunja kama nyoka aliyekanyagwa, na pancha yetu tuliipata huko huko, mbuzi wakitutazama. Olympia nguzo za hekalu la Zeus zimelala vipande vipande, kama mkate uliokatwa, tangu matetemeko ya karne ya 6 B.K. Uwanja wa mbio una urefu wa mita 192 hivi. Michezo yake huhesabiwa kuanzia mwaka 776 K.K. Nilivua viatu nikakimbia kwa heshima ya Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, waliotuletea fedha mbili kutoka Moscow mwaka 1980. Nilifika nahema. Mjomba alinipa medali ya chungwa.

UKUTA WA DELPHI

Tulivuka bahari kwa daraja la Rio, lililofunguliwa mwaka 2004, na jioni tukapanda Delphi, kwenye mbavu za mlima Parnassus. Hapa palikuwa na kitovu cha dunia kwa imani yao. Wafalme walituma watu kumwuliza mungu Apollo mambo ya vita na mavuno, na mwanamke mmoja, Pythia, aliyatoa majibu. Edipode naye aliulizia hapa, akaambiwa atamuua babaye. Alipoondoka akikimbia neno hilo, ndipo alipolikuta njiani.

Watalii wote walipanda hekaluni. Sisi tulisimama chini, kwenye ukuta unaoshikilia kiwanja cha hekalu. Ni ukuta wa karne ya 6 K.K., mawe yake yamebanana bila mraba hata mmoja. Ukiinamisha kichwa jua likiwa ubavuni, utaona umejaa herufi ndogo ndogo. Ni mikataba ya watumwa walioachwa huru, mamia kwa mamia, mingi ya karne mbili za mwisho kabla ya Kristo.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Mtumwa hakuwa na haki ya kufunga mkataba, basi bwana wake "alimwuza" kwa Apollo. Fedha, mara nyingi drakma 300 hadi 500, zilitoka kwa mtumwa mwenyewe, alizodunduliza. Mungu akawa mnunuzi, mtumwa akawa huru, na jiwe likawa shahidi. Lakini mikataba mingi ina kifungu kichungu: mtumwa ataendelea kumtumikia bwana wake hadi bwana afe. Amelipa, ameandikwa huru, na kesho yake anaamka kuchota maji.

Tofauti na vibao vya Pylos, huku kila mtu ametajwa, na wengi wamewekewa na asili: huyu Mshami, yule wa Thrakia. Nilifikiri Bagamoyo. Nilifikiri soko la watumwa la Unguja, lililofungwa mwaka 1873. Tunao ukuta wa namna hii? Maelfu walipita pale, na majina tunayoyajua ni machache.

Mjomba alikuwa kimya. Halafu akasema, "Kesho nitakupeleka kwenye njia panda yako. Ila kuna mahali nataka tupitie."

NJIA PANDA

Njia panda ipo kwenye barabara ya Thebes, mashariki mwa Delphi, mlima huku na mlima huku. Pausanias, Mgiriki aliyesafiri nchi nzima katika karne ya 2 B.K. akiandika alichokiona, alipita hapa. Anasema katikati palikuwa na kaburi la mzee Laius, babaye Edipode, na la mtumishi wake, limefunikwa kwa lundo la mawe yasiyochongwa. Mie sikuona lundo. Niliona kibao cha njia na lori la mizigo. Nilitaka kusikitika, mjomba akakata kona.

Tulikwenda Distomo, dakika chache tu kutoka pale. Ni kijiji cha kawaida, wazee wanakunywa kahawa. Juu ya kilima kuna ukuta mwingine wenye majina. Tarehe 10 Juni 1944 askari wa SS wa Ujerumani waliingia hapa na kuua watu 218, wake kwa waume, wazee, watoto wachanga. Nilisoma umri wa watoto nikashindwa kuendelea.

Walionusurika walidai. Mwaka 1997 mahakama ya Livadia, mji wa jirani, iliamua walipwe. Mahakama ya juu ya Ugiriki ikakubali mwaka 2000. Ujerumani ikasema nchi haiwezi kushtakiwa kwenye mahakama za nchi nyingine, na mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Hague ikaipa haki kwa hoja hiyo ya kinga.

Mjomba ndipo aliponieleza kwa nini kanileta. Mwaka wake wa pili Ugiriki alikuwa kibarua wa kuchuma zeituni huku, na bosi wake, mzee wa kijijini, alimwuliza kwao wapi. Akasema Songea. Mzee hakuijua. Basi mjomba akamweleza vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, jinsi viongozi wa Wangoni walivyonyongwa Songea mwezi Februari 1906, jinsi Wajerumani walivyochoma mashamba na maghala mpaka njaa ikaua wengi kuliko risasi. Yale yote aliyapata kwa mama yake, yaani bibi yangu.

"Mzee akaniuliza, walionyongwa waliitwa nani? Nikamtaja Songea Mbano. Akauliza, na wengine? Nikakwama. Yeye akaanza kunitajia wa kwake, mmoja mmoja, kwa vidole."

Ndugu msomaji, majina hayo yapo Songea, kwenye makumbusho ya mashujaa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama pale akaomba msamaha. Mimi, mjukuu wa Songea, niliyejua jina la babaye Edipode tangu kidato cha tatu, sijapata kufika. Nilisafiri karibu kilomita 900 za Ugiriki kutafuta njia panda ya watu, na nikakutwa na yangu. Yule kijana wa Sophocles hakuwa mjinga kama wenzangu walivyodhani. Alikuwa mtu asiyejua ametoka kwa nani.

Siwaambii msisome Wagiriki. Someni! Bila Mfalme Edipode nisingefika pale. Ila Pausanias hakusubiri mgeni aje kumwandikia vijiji vyake. Alipita mwenyewe akiuliza kaburi hili la nani, mto huu unaitwaje. Sisi wa vijiwe vya Tandika na Magomeni tunaotaka kuwa waandishi, tuna bibi ambao hatujawauliza.

Tuliporudisha gari Athens, mjomba alinikabidhi bahasha. Nilidhani ni barua ya kazi melini. Ilikuwa nauli ya basi, Dar es Salaam hadi Songea, na karatasi yenye neno moja kwa mwandiko wake: "Majina."

Bibi amekwisha fariki. Dada yake yu hai, yuko Peramiho, na wanasema kumbukumbu yake bado kali. Ninaondoka Jumatatu.