Herufi za Bodoni na Msomaji Wake

Wanafunzi wa lugha aghalabu huichunguza herufi kama alama ya sauti, na sura yake wakamwachia mpiga chapa. Lakini sura nayo ina historia, na historia ya herufi za Bodoni ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya karatasi na wino.

Giambattista Bodoni alizaliwa Saluzzo, Italia, mwaka 1740, mwana wa mpiga chapa. Ujanani alifanya kazi Roma katika matbaa ya Propaganda Fide, iliyochapa vitabu vya wamisionari kwa lugha nyingi. Mwaka 1768 aliitwa Parma kuiongoza matbaa ya mtawala wa huko.

Herufi alizozichonga zina mihimili minene iliyosimama wima, na viungo vyembamba kama unywele. Serifu, yaani vijistari vinavyofunga ncha za herufi, ni nyembamba vilevile na zimenyooka. Herufi za kale zilifuata mwendo wa kalamu pana, ambayo huuinamisha unene upande mmoja. Bodoni, na Firmin Didot kule Paris, waliiacha kalamu wakafuata patasi ya mchonga chuma. Hata hivyo patasi peke yake isingalifaa kitu. Karatasi za zamani zilikuwa na mikwaruzo. Ilibidi kuzigandamiza kwa nguvu, na wino ukatambaa. Ni John Baskerville wa Birmingham aliyeonyesha, katika chapa yake ya Virgil ya mwaka 1757, faida ya karatasi laini na wino mweusi zaidi.

Mwaka 1806 Bodoni alichapa Sala ya Bwana kwa lugha 155. (Mwanaisimu asitafute sarufi humo, ni maonyesho ya herufi.) Alifariki mwaka 1813, na mwaka 1818 mjane wake akakitoa Manuale tipografico, chenye juzuu mbili. William Morris, mwishoni mwa karne hiyo, alizichukia herufi hizi akazirudia za Venice za karne ya 15. Karne ya 20 ilizifufua, na magazeti ya mitindo ya mavazi yakazipenda mno kwa vichwa vyao.

Hapo ndipo mahali pake, kwa maoni yangu. Zikichapwa kubwa hupendeza. Zikichapwa ndogo juu ya karatasi duni, vile viungo hupotea. Kiswahili huathirika zaidi, maadamu viambishi vyetu vya ngeli mara nyingi ni herufi moja tu. Tofauti ya "nzuri" na "uzuri" ni kiungo chembamba: juu katika n, chini katika u. Kikifutika, msomaji hubaki na mihimili miwili na kubahatisha.

Bodoni mwenyewe alichonga kila ukubwa peke yake. Shirika la ITC lilifuata njia hiyo mwaka 1994 kwa kutoa michoro mitatu, ya ukubwa wa 6, 12 na 72. Mhariri wa kamusi anayeletewa "Bodoni" na aulize kwanza ni ipi kati ya hizo.