Vidonge vya majira, sindano na saratani ya mlango wa kizazi: homoni zinahusikaje?

Ikitajwa saratani ya mlango wa kizazi, iwe Mbagala, Tandika au Tandale, swali la uzazi wa mpango halikosi: je, vidonge na sindano ndivyo vinavyoleta kansa?

Jibu fupi ni hapana. Chanzo ni kirusi. Lakini homoni nazo zina mchango wake, na anayeujua anaweza kuamua bila woga.

Ugonjwa wenyewe si wa kubeza. Tanzania hii ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake. Kila mwaka inakadiriwa kuwapata zaidi ya 10,000, na zaidi ya 6,000 hufariki.

Kirusi kwanza

Kirusi cha HPV huambukizwa kwa kujamiiana. Kina aina nyingi, lakini aina ya 16 na ya 18 peke yake zinahusika na takriban asilimia 70 ya saratani hizi.

Wanawake wengi hukipata wakati fulani maishani, na kwa walio wengi kinga ya mwili hukiondoa ndani ya miaka miwili hivi, bila wao kujua.

Shida iko kwa wale ambao kirusi kinagoma kutoka. Hutengeneza protini mbili, E6 na E7, zinazozima breki za seli. Seli zikikosa breki zinazaliana ovyo. Haya ndiyo mabadiliko ya awali: bado si saratani, na kwa kawaida hayana dalili yoyote.

Kufika kwenye saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, mfano anayeishi na VVU bila kutumia dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10.

Homoni zinaingia wapi?

Msichana akivunja ungo, homoni ya estrojeni hupanda. Seli laini za ndani ya mlango wa kizazi husogea nje kidogo, zinakutana na tindikali ya ukeni, na polepole zinageuka kuwa ngumu zaidi. Eneo hilo la mageuzi ndiko saratani nyingi huanzia, kwa sababu kirusi hupenya hapo kwa urahisi. Ujauzito nao hulitanua.

Mchango wa pili uko ndani ya seli. Sehemu ya kirusi inayoamuru E6 na E7 zitengenezwe huitikia baadhi ya homoni, ikiwemo projesteroni. Huko maabara, panya waliowekewa vinasaba vya HPV 16 walipata saratani ya mlango wa kizazi baada ya kupewa estrojeni kwa muda mrefu. Binadamu si panya, ila inaonyesha homoni zinaweza kukipa kirusi nguvu.

Hatari ni kubwa kiasi gani?

Mwaka 2005, shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka vidonge vyenye estrojeni na projestojeni pamoja kwenye orodha ya vinavyosababisha saratani, ikiwemo ya mlango wa kizazi. Hapo hapo likaeleza kwamba vidonge hivyo hupunguza saratani ya mji wa mimba na ya ovari.

Mwaka 2007, wataalamu walikusanya tafiti 24 kutoka nchi mbalimbali. Waliokuwa wakitumia vidonge kwa miaka 5 au zaidi walikuwa na hatari karibu mara mbili ya wasiowahi kutumia. Baada ya kuacha, hatari ilishuka, na ikifika miaka 10 walikuwa sawa na wengine.

Mara mbili inatisha, lakini tazama hesabu yenyewe. Kwa nchi zinazoendelea, kutumia vidonge miaka 10 kuanzia umri wa miaka 20 kungeongeza wagonjwa kutoka 7.3 hadi 8.3 kwa kila wanawake 1,000 hadi wanapofika miaka 50. Yaani mmoja zaidi kwa kila 1,000. Kwa sindano, ushahidi ni mchache na ongezeko lililoonekana lilikuwa dogo.

Je, aache?

Kuacha kwa woga si kinga. Kuzaa mara nyingi nako kunahusishwa na hatari kubwa ya saratani hii, na mimba isiyopangwa ina hatari zake. WHO haimkatazi mwenye HPV au mabadiliko ya awali kutumia njia zenye homoni. Asiyezitaka anaweza kumuuliza mhudumu kuhusu kitanzi cha shaba.

Kinachookoa maisha ni kupima. WHO inashauri kuanza miaka 30, au 25 kwa anayeishi na VVU. Nesi hupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi; seli zilizobadilika hugeuka nyeupe. Zikionekana, mara nyingi zinaweza kuchomwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi siku hiyo hiyo.

Wakazi wa Kinondoni wanaweza kuulizia hospitali ya Mwananyamala, wa Temeke hospitali ya Temeke. Taasisi ya Saratani Ocean Road nayo hupima.

Kusubiri uzee ni kosa. Hedhi ikikoma estrojeni hushuka, lile eneo la mageuzi hurudi ndani, na siki haiwezi tena kulionyesha vizuri.

Kwa mabinti ipo chanjo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima Aprili 2018, na mwaka 2024 ilihamia dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Aliyechanjwa naye apime umri ukifika.

Damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi au baada ya kukoma hedhi, na uchafu wenye harufu mbaya: ukiona mojawapo, usisubiri umri wala zamu ya kupima. Nenda hospitali.