Mboga isiyo na mkulima

Msikilizaji, kisamvu unakijua, na tembele unalijua. Wiki hii twende magharibi kwa majirani zetu wa Kongo, kwenye mboga ambayo tangu zama za mababu imechumwa porini bila ya kulimwa. Kinshasa wanaiita fumbwa. Kameruni ni eru au okok. Nigeria ni afang au ukazi. Ni mmea mwembamba unaopanda juu ya miti ya msituni. Majani yake ni magumu, kwa hiyo akina mama huyakunja na kuyakata membamba kama nyuzi kabla ya kuyapika. Kinshasa huungwa kwa karanga na mawese, pamoja na samaki mkavu.

Ukiliona jani lake utadhani ni la mti wa kawaida. Kumbe mmea huu hauna ua la kweli, na wataalamu wanauweka karibu na misonobari! Mwaustria Friedrich Welwitsch, aliyefika Angola mwaka 1853, ndiye aliyeupa jina la kitaalamu, Gnetum africanum, mwaka 1869. Wapishi walikwisha kumtangulia.

Katika misitu hiyohiyo ya Kongo, mmea mwingine wa kutambaa umejaza vitabu vya historia: ule wa mpira. Enzi ya Mfalme Leopold, 1885 hadi 1908, watu walilazimishwa kwa mjeledi na bunduki kukusanya utomvu wake, na wengi waliukata mzima ili watimize kiasi walichoamriwa. Fumbwa haikuwa na mfalme. Nadhani ndiyo maana wanahistoria wameipita.

Lakini nayo ikaja kukatwa, safari hii kwa amri ya soko. Misitu ya kusini mashariki ya Nigeria ilipopungua, wachuuzi waligeukia Kameruni, na marobota ya majani yakawa yanapakiwa mashuani katika bandari ndogo ya Idenau. Ukichuma kwa kisu na kuacha shina, mmea huchipua tena. Mwenye haraka huung'oa na mizizi yake, au huangusha mti mzima ili ayafikie majani ya juu.

Mbegu zake ni ngumu kuota. Katika miaka ya 1990 watafiti wa bustani ya mimea ya Limbe, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1892, waliuotesha kwa vipande vya shina. Kipande huwekwa penye kivuli na unyevu hadi kitoe mizizi, kisha hupelekwa shambani na kupewa mti wa kupandia.