Daftari la Shamba la Shule

Watu wa rika langu wakikutana hawakawii kuzungumza habari za shule za zamani. Mmoja atakumbuka mchakamchaka wa alfajiri, mwingine atakumbuka kidumu cha maji na ufagio wa chelewa, wa tatu ataonyesha kovu la jembe mguuni. Mwisho wa mazungumzo huwa mmoja kati ya miwili: ama husemwa kwamba shule ile ilitufunza utu na leo utu umekwisha, ama husemwa kwamba tulitumikishwa bure. Nimezisikia kauli zote mbili mara nyingi, na nadhani kila moja imeshika nusu ya ukweli. Napenda kueleza ni kitu gani kilichozitenga nusu hizo, kwa kuwa nilikiona kwa macho yangu katika shule moja ya kijiji chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, nilikosoma tangu mwaka 1970 hadi 1976.

Kwanza tukumbushane historia. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967. Mwezi uliofuata Mwalimu Julius Nyerere alitoa kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake ilianzia kwenye hesabu. Mwaka 1961 watoto waliokuwa katika shule za msingi za Tanganyika walikuwa kama 490,000, na wengi wao waliishia darasa la nne. Kufikia mwaka 1967 walikuwa 825,000. Wanafunzi wa sekondari waliongezeka kutoka 11,832 hadi 25,000. Hizo zilikuwa hatua kubwa kwa miaka sita. Lakini katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, ni 13 tu ambao wangepata nafasi ya sekondari. Je, wale 87 waliosalia? Shule iliwatayarisha kwa safari ambayo hawangeifunga, kisha ikawarudisha kijijini wakijiona wameshindwa. Mwalimu akasema elimu ya msingi isiwe ngazi ya kupandia tu. Iwe elimu kamili kwa mtu atakayeishi na kufanya kazi katika jamii yake.

Wazo la kumpa mwanafunzi jembe halikuwa jipya. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki na kupendekeza elimu iambatane na kilimo na maisha ya kijijini. Huko Malangali, Iringa, mwishoni mwa miaka ya 1920, mwalimu Mwingereza aitwaye W. B. Mumford alijaribu kuendesha shule iliyofuata mila za wenyeji. Wazazi wengi wa Kiafrika waliitazama elimu ya namna hiyo kwa shaka, na sababu ilikuwa wazi. Shule za wakati wa ukoloni ziligawanywa kwa rangi, na mtoto wa Mzungu hakupewa jembe. Mzazi alijiuliza: ikiwa jembe ni elimu njema, mbona wao hawalitaki?

Kwa hiyo Elimu ya Kujitegemea ilikuwa na deni la kulipa tangu siku ya kwanza. Ilipaswa kuonyesha kwamba jembe la sasa si lile la zamani. Ukikisoma kijitabu kile kwa makini utaona Mwalimu alilijua jambo hilo. Aliweka masharti. Wanafunzi washiriki katika kuamua nini kilimwe na mapato yatumikeje. Waone faida ya jasho lao katika maisha yao ya shuleni. Shule iwe sehemu ya kijiji, si kisiwa. Bila masharti hayo shamba la shule lingekuwa shamba la bwana, na mtoto angekuwa kibarua asiye na ujira.

Shule yetu ilikuwa na madarasa manne ya matofali mabichi, mawili yakiwa na bati na mawili ya nyasi. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa katika tawi la mwembe. Asubuhi tulisimama mstarini, mwalimu wa zamu akakagua kucha, nywele na meno, kisha kila darasa likaenda kwenye eneo lake la usafi. Shamba lilikuwa ng'ambo ya kijito, ekari mbili za mahindi na robo ekari ya maharage. Ardhi ile ilitolewa na wazee wa kijiji, na jambo hilo tuliambiwa kila mwaka kabla ya jembe la kwanza kugusa udongo. Mzee mmoja wa kamati ya shule alikuja kutuonyesha mipaka na kutueleza nani alilima hapo kabla yetu. Hivyo hata mtoto wa darasa la kwanza alijua kwamba shule haikuanguka kutoka mbinguni.

Lakini kitu kilichoifanya shule ile iwe yetu kilikuwa daftari. Lilikuwa daftari la kawaida lenye jalada gumu, nalo lilitunzwa na kiranja wa shamba, mwanafunzi kama sisi, chini ya uangalizi wa mwalimu. Ndani yake iliandikwa siku ya kupanda, kiasi cha mbegu, nani alikuja na nani hakuja, magunia yaliyovunwa na fedha iliyopatikana. Mara mbili kwa mwaka Mwalimu Mkuu aliitisha baraza la shule chini ya mwembe. Wazazi walikaa upande mmoja, sisi upande mwingine, na kiranja akalisoma daftari lile kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha tuliulizwa mapato yatumikeje. Mwaka mmoja tulibishana saa nzima baina ya waliotaka mpira na waliotaka taa ya karabai kwa ajili ya kujisomea usiku. Karabai ilishinda kwa kura chache, na sisi wapenda mpira tuliendelea kucheza na wa matambara. Tulinung'unika, ila hakuna aliyesema ameonewa.

Baraza ninalolikumbuka zaidi ni la mwaka 1975. Miaka ile mvua ilikuwa haba na chakula kilipungua nchini kote. Kiranja alisoma kwamba yamevunwa magunia 9. Akasoma yaliyouzwa, yaliyowekwa kwa ajili ya uji, na ya mbegu. Alipomaliza, msichana mmoja wa darasa la sita alinyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Nimejumlisha nimepata 8. Gunia moja limekwenda wapi?"

Pakawa kimya. Katika kijiji chetu mtoto hakumhoji mtu mzima, sembuse mbele ya wazee. Nilimwona mama yake akiinamisha kichwa kwa haya. Mwalimu Mkuu alisimama polepole. Alieleza kwamba gunia lile lilipelekwa kwa familia ya wanafunzi wenzetu watatu ambao baba yao alifariki wakati wa kupalilia, na nyumbani kwao hapakuwa na punje. Yeye na mwenyekiti wa kamati waliamua hivyo usiku, na hawakutaka familia ile itajwe mbele za watu. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau.

"Mwanangu ameuliza vizuri. Msaada ule ulikuwa wa haki, lakini mahindi ni yenu. Tungeweza kuwaambieni kwamba gunia moja limekwenda kwa wenye shida bila kutaja jina. Hatukufanya hivyo. Safari ijayo tutawauliza kwanza."

Mzee mmoja alisimama akasema kwamba zamani mtoto wa namna hii angechapwa. Mwenyekiti wa kamati akamjibu kwa upole, "Mzee wangu, zamani mtoto hakulima shamba la wote." Baraza likaendelea. Tuliombwa kupiga kura kama gunia lile lihesabiwe kuwa zawadi ya shule, na mikono yote ilinyooka.

Nimelitafakari tukio hilo miaka mingi. Tulikuwa na kipindi cha siasa, tukakariri maana ya ujamaa, na tulijibu maswali yake katika mitihani. Lakini mambo mawili makubwa ya ujamaa tulijifunza pale chini ya mwembe: kwamba jirani hafi njaa wakati ghala lina kitu, na kwamba mwenye dhamana hutoa hesabu hata kwa mdogo. Jambo la kwanza bila la pili ni sadaka ya mkubwa kwa mnyonge. La pili bila la kwanza ni uchoyo wenye daftari safi. Yalipokutana ndipo tukawa jamii.

Na roho hiyo ilitoka nje ya uwanja wa shule. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipofika vijijini kwa njia ya redio, ikiwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, wanafunzi wa madarasa ya juu walikwenda kusaidia kuchimba vyoo katika nyumba za wazee wasio na nguvu. Jioni baadhi yao walisaidia katika madarasa ya kisomo cha watu wazima. Nilimwona bibi yangu akishika kalamu kwa mara ya kwanza, akifundishwa na mvulana wa darasa la saba aliyemwamkia "Shikamoo Bibi" kabla ya kumsahihisha. Hapakuwa na haja ya mtu kutuhubiria kwamba elimu ni ya wote.

Kisha mambo yalibadilika. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba watoto wote wa umri wa kwenda shule waandikishwe ifikapo Novemba 1977, badala ya kungoja hadi mwaka 1989. Ada ya shule za msingi ilikwisha kufutwa mwaka 1973. Idadi ya wanafunzi, iliyokuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974, ilipita milioni 3 ilipofika mwaka 1980. Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha. Sitaki mtu adhani nalibeza jambo hilo. Watoto wa majirani zetu waliokuwa wakichunga mbuzi nilipokuwa darasani walipata kusoma kwa sababu ya uamuzi ule. Nchi chache maskini zilithubutu hivyo.

Lakini shule yetu ilielemewa. Mdogo wangu aliandikishwa mwaka 1977, akaingia darasa la watoto zaidi ya 80 lililosomea mchana kwa zamu. Vita vya Kagera vilikuja mwaka 1978, mafuta yakapanda bei duniani, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata chaki zilikuwa za kuvunja vipande. Shamba la shule halikuwa tena somo. Likawa njia ya kuziba pengo la fedha. Uongozi wa shule nao ulibadilika. Ekari mbili zikawa tano. Baraza la chini ya mwembe liliahirishwa msimu mmoja, kisha mwingine, kisha likasahauliwa. Mdogo wangu alirudi siku moja akasema mahindi yamepakiwa kwenye gari. Nilimuuliza yamekwenda wapi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lisilomhusu.

Zaidi ya hayo, kulima kukawa adhabu. Aliyechelewa alipewa tuta. Aliyepiga kelele alipewa matuta mawili. Hapo ndipo niliposikia wazazi wakisema, "Mwanangu sikumpeleka shule awe kibarua." Yalikuwa maneno yale yale ya shaka ya wakati wa ukoloni, yakitoka sasa katika vinywa vya watu waliokuwa wametoa ardhi yao kwa moyo mkunjufu. Jembe lilikuwa lile lile na udongo ule ule. Kilichopungua ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naongeza kwamba moyo wa kujitolea hupotea pamoja nayo.

Ndiyo maana nasema wale wanaosifu na wale wanaolaumu wote wana haki. Huenda walisoma shule mbili tofauti, au shule moja katika miaka miwili tofauti. Anayekumbuka utu alisoma mahali palipotoa hesabu. Anayekumbuka kutumikishwa alisoma mahali ambapo mavuno yalipakiwa kwenye gari.

Tangu hapo shule zetu zimepita mengi. Michango ya wazazi ilirudi katika miaka ya 1980, ada ikafutwa tena mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002 ulileta ruzuku iliyokadiriwa dola 10 kwa kila mwanafunzi, pamoja na agizo kwamba mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Tangu mwaka 2016 ada na michango ya lazima imeondolewa. Sasa sera ya elimu, katika toleo la mwaka 2023, inarudi kuzungumzia stadi na elimu ya amali. Wapo wanaouliza kama tumrudishie mtoto jembe, cherehani au randa. Mimi sina ugomvi na kifaa chochote. Kazi ya mikono ni heshima, na mtoto asiyeijua ni kilema wa namna yake.

Ila ningewaomba wazazi na walimu wa kamati za shule waangalie ubao ule wa matangazo umetundikwa wapi. Mara nyingi uko ndani ya ofisi, juu, katika kimo cha mtu mzima. Ushusheni. Wapeni watoto wa darasa la sita wausome kwa sauti mbele ya wenzao, na atakayejumlisha akaona pungufu asikemewe. Msichana yule aliyehesabu magunia hakupata nafasi ya sekondari; alikuwa mmoja wa wale 87. Alibaki kijijini, akalima, akazaa, na kwa miaka mingi alikuwa mtunza hazina wa kikundi cha akina mama. Nimeambiwa kila mwaka huwasomea wenzake daftari lote, tangu mwanzo hadi mwisho, hata wanapomwambia wamechoka kusikiliza.