Kutu ya New Hampshire

Hapa Manchester wauza pikapu kuukuu za kusukuma theluji husifia injini. Mimi naanza uvunguni. New Hampshire lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kuifanya chumvi iwe dawa ya kawaida ya theluji barabarani, majira ya baridi ya 1941 hadi 1942, na chasi zinaliwa tangu hapo. Zamani kazi ya kusukuma theluji ilikuwa ya farasi. Milwaukee walikwisha kufunga koleo kubwa kwenye mkokoteni mwaka 1862. Farasi hashiki kutu, ila anakula hata kiangazi! Basi nagonga chasi kwa nyundo, hasa juu ya ekseli ya nyuma. Ikidondosha magamba, naondoka. Kisha nanusa mafuta ya giaboksi, maana kusukuma theluji ni mbele, nyuma, usiku kucha. Yakinuka kuungua, usinunue hata ukipunguziwa bei.